Mateso, Makusudi ya Mungu na Hiari: Hoja Inafika Wapi?

Katika matanga mengi ya Wakristo wa Afrika Mashariki husikika kauli mbili, na mara nyingine hutoka kinywani mwa mtu yuleyule. Ya kwanza husemwa hadharani: tulimpenda marehemu, lakini Mungu amempenda zaidi, na kazi yake haina makosa. Ya pili husemwa pembeni, kwa hasira: dereva alikuwa amelewa, na waliomwachia barabarani nao wana la kujibu. Kauli ya kwanza inauweka msiba ndani ya makusudi ya Mungu. Ya pili inauweka mikononi mwa watu waliokuwa na uwezo wa kutenda vinginevyo, wasitende. Hakuna anayeshtuka kuzisikia zikifuatana. Ukiziandika ubaoni, moja chini ya nyingine, ndipo swali linapojitokeza: je, zote mbili zaweza kuwa kweli?

Tuanze na tatizo kama wanafalsafa wanavyoliandika. Linahitaji sentensi tatu tu. Mungu ni mwenyezi. Mungu ni mwema kabisa. Uovu upo. Mwaka 1955 J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, alidai kwamba anayezikubali zote tatu anajipinga mwenyewe. Msomaji makini ataona kwamba sentensi hizo, zikiachwa peke yake, hazigongani. Hakuna hata moja inayokanusha nyingine. Mackie alilijua hilo, akaongeza kanuni mbili za kuziunganisha: kwamba aliye mwema siku zote huondoa uovu kadiri awezavyo, na kwamba uwezo wa mwenyezi hauna mpaka. Ukizikubali kanuni hizo, hitimisho lake haliepukiki. Kwa hiyo ugomvi wote uko kwenye kanuni, na Mkristo anayetaka kujibu anapaswa kuonyesha ni ipi kati ya hizo mbili haisimami.

Kabla ya hapo, maneno mawili yapewe maana. Uovu, katika mjadala huu, ni jina la mambo mawili tofauti. Uovu wa kimaadili ni ule unaotokana na uamuzi wa mtu: wizi, mauaji, uzembe wa mwenye dhamana. Uovu wa kimaumbile ni mateso yasiyotokana na uamuzi wa mtu yeyote: tetemeko la ardhi, ukame, saratani ya mtoto. Hiari, au utashi huru kama wanavyopenda kusema Wakatoliki, ni uwezo wa kutenda au kutotenda jambo bila kulazimishwa na chochote kilichotangulia uamuzi. Si kila mwanateolojia anaukubali ufafanuzi huo wa hiari, na tutaona kwa nini, lakini hoja inayofuata inautegemea.

Sasa neno mwenyezi. Je, mwenyezi anaweza kuumba duara lenye pembe nne? Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alijibu kwamba hapana, na kwamba jibu hilo halimpunguzii Mungu kitu. Duara lenye pembe nne si kazi ngumu mno. Si kazi kabisa. Ni maneno yaliyowekwa pamoja pasipo kutaja chochote. Uwezo wote ni uwezo wa kufanya kila kinachowezekana kuwa.

Hapo ndipo hoja ya hiari inapopata mlango wa kuingilia. Alvin Plantinga, Mmarekani wa mapokeo ya Kireformati, aliipanga kwa ukali wa kimantiki katika kitabu kidogo cha mwaka 1974. Tuifuate taratibu. Tuseme Mungu anataka viumbe wanaoweza kupenda na kutenda haki kwa hiari. Kumfanya mtu atende haki kwa hiari, huku ukihakikisha hatatenda vinginevyo, ni jambo la jamii ya duara lenye pembe nne: ukishahakikisha wewe, hiari si yake tena. Basi anayeumba viumbe huru anakubali kwamba baadhi ya yatakayotokea yatategemea uamuzi wao. Inawezekana, kwa hiyo, kwamba ulimwengu wenye viumbe huru na usio na uovu hata chembe haukuwa katika uwezo wa Mungu peke yake kuuleta, ingawa ni mwenyezi. Kanuni ya pili ya Mackie imelegea.

Plantinga alisisitiza jambo ambalo wanaomnukuu mimbarani hulisahau. Alitofautisha utetezi na teodisia. Teodisia ni maelezo ya sababu halisi ya Mungu kuruhusu uovu. Utetezi unadai kidogo zaidi: unaonyesha tu kwamba sababu inaweza kuwepo, na kwamba sentensi zetu tatu hazigongani. Yeye alitoa utetezi. Hakusema anajua kwa nini Mungu aliruhusu lolote lililowahi kutokea. Katika kazi hiyo ndogo alifaulu; wanafalsafa wengi, wakiwemo wasioamini, wanakubali kwamba dai la kujipinga halikuthibitishwa.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko yeye. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo, alikaa miaka tisa hivi miongoni mwa Wamani, waliofundisha kwamba wema na uovu ni nguvu mbili za tangu milele zinazopigana. Alipowaacha aliandika mazungumzo marefu juu ya hiari, yanayoanza na rafiki yake Evodio akiuliza kama Mungu ndiye chanzo cha uovu. Augustino alijibu kwamba uovu si kitu kilichoumbwa bali ni upungufu wa wema mahali ulipopaswa kuwa, kama upofu ulivyo upungufu wa kuona, na kwamba upungufu huo uliingia kwa utashi ulioyapa kisogo yaliyo bora. Uzeeni, akibishana na wafuasi wa Pelagio, aliongeza kwamba utashi wa mwanadamu baada ya Adamu umejeruhiwa kiasi kwamba hauwezi kurudi wenyewe pasipo neema. Kwa hiyo baba huyuhuyu mmoja wa Kanisa anatajwa na wanaoitetea hiari na wanaoipunguza.

Mpaka hapa tumeshughulikia hiari. Makusudi ya Mungu bado. Mkristo hasemi tu kwamba Mungu aliwaacha watu waamue. Anasema pia kwamba Mungu anaiongoza historia mpaka mwisho wake. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Yusufu. Ndugu zake walimuuza kwa husuda, na miaka mingi baadaye, katika sura ya mwisho ya Mwanzo, anawaambia kwamba wao walikusudia mabaya katika tendo lilelile ambalo Mungu alikusudia jema. Tendo moja, makusudi mawili. Yanakaaje pamoja?

Wakristo hawajawahi kukubaliana. Kwa Thoma, Mungu ni sababu ya kwanza na mwanadamu ni sababu ya pili. Sababu hizi hazigawani kazi nusu kwa nusu, kwa kuwa haziko katika ngazi moja. Luis de Molina, Mjesuiti wa Hispania, aliandika mwaka 1588 kwamba Mungu anajua tangu milele kila kiumbe huru angeamua nini katika kila hali, na hupanga hali kwa kuujua uamuzi huo. Mwanamatengenezo Calvin hakuridhika na lugha ya kuruhusu. Kwake, kusema Mungu aliruhusu tu ni kukwepa, maana Maandiko yanamtaja kama mwenye kuamua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaishikilia lugha hiyohiyo ya kuruhusu: Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili, lakini anauruhusu kwa kuheshimu uhuru wa kiumbe, na anajua kutoa jema ndani yake. Mimi nadhani tofauti kati ya kutaka na kuruhusu haiwezi kuachwa, hata kama ni nyembamba. Ukiiondoa, muuaji anageuka kuwa mtumishi mtiifu.

William James, Mmarekani wa karne ya 19, alijaribu kulieleza hili kwa mchezo wa sataranji. Kwa wasomaji wetu bao linatosha. Fundi wa bao anayecheza na mwanafunzi hamchagulii shimo la kuchezea. Mwanafunzi anacheza apendavyo, anakosea kwa uhuru kamili, na bado fundi anajua mchezo utaishaje, kwa kuwa hakuna namna ya mwanafunzi kucheza ambayo fundi hajui jibu lake. Makusudi yanasimama, na hiari inasimama. Mfano huu unaeleza vizuri namna Mungu anavyoweza kuongoza pasipo kulazimisha. Unashindwa mahali pamoja tu, napo ndipo penye uzito: kete inayoliwa haina mama.

Tuje kwenye mtihani ambao hoja ya hiari haikuandaliwa kuufanya. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, watu wa Lisbon walikuwa kanisani. Ardhi ilitetemeka kwa dakika kadhaa, makanisa yakawaangukia waumini. Waliokimbilia ufukoni kujiepusha na mawe walikutwa na mawimbi ya bahari. Mishumaa na meko yaliyoanguka yakawasha moto uliounguza mji kwa siku kadhaa. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana. Mengi yanataja makumi ya maelfu. Mawimbi yalifika hadi pwani ya Morocco. Hakuna aliyeamua tetemeko hilo. Ukimuuliza mwenye hoja ya hiari ni uhuru wa nani uliokuwa unaheshimiwa asubuhi ile, atanyamaza, au atalazimika kuongeza kitu.

Miaka 45 kabla yake, mwaka 1710, mwanafalsafa Leibniz alikuwa amechapisha kitabu kilicholipatia neno teodisia umaarufu, akitetea kwamba Mungu, akiwa mwema na mwenye hekima, ameumba ulimwengu ulio bora kati ya malimwengu yote yaliyowezekana. Mwandishi Voltaire aliushambulia mtazamo huo kwa shairi la mwaka 1756 kuhusu Lisbon, kisha kwa riwaya ya Candide mwaka 1759. Anayekumbukwa kidogo ni mwanafalsafa Rousseau, ambaye Agosti 1756 alimwandikia Voltaire barua ya kumjibu. Alimkumbusha kwamba si maumbile yaliyojenga pale nyumba za ghorofa sita na saba zilizobanana, na kwamba wako waliokufa kwa sababu walirudi kuchukua mali. Rousseau hakulimaliza tatizo, maana ardhi ilitikisika yenyewe. Lakini alionyesha kwamba mpaka kati ya uovu wa kimaumbile na ule wa kimaadili hauko pale tunapodhani. Tetemeko lilelile huua wachache penye nyumba imara na wengi penye nyumba mbovu, na ubovu una wenyewe.

Bado yanabaki maumbile, na kwa hayo Wakristo wametoa majibu mawili makubwa. La kwanza, linalotetewa kwa kirefu na Richard Swinburne wa Oxford, linasema kwamba hiari yenyewe inahitaji ulimwengu unaofuata kanuni. Siwezi kuamua kukusaidia wala kukudhuru kama moto leo unaunguza na kesho haunguzi. Kanuni zikiwepo, moto unaopika utaunguza pia. La pili lina mizizi kwa Irenei, askofu wa Lyon katika karne ya 2, na lilifufuliwa na John Hick mwaka 1966: mwanadamu aliumbwa akiwa mchanga bado, si mkamilifu, na ulimwengu usio na hatari hauwezi kukuza ujasiri, huruma wala uvumilivu. Majibu yote mawili yana nguvu yakieleza kwa nini kuwe na mateso ya aina fulani. Yanadhoofika yakiulizwa kuhusu kiasi. Huruma ingeweza kukua kwa misiba midogo kuliko Lisbon, na mtoto wa siku mbili aliyefunikwa na kifusi hakukuzwa tabia yoyote.

William Rowe, mwanafalsafa asiyeamini, aliishika ncha hiyo mwaka 1979. Aliacha kudai kwamba sentensi tatu zinagongana. Alisema tu kwamba yako mateso ambayo, tukiyatazama, hatuoni jema lolote yanayolileta, na kwa hiyo ni busara kuamini kwamba halipo. Mfano wake ni mtoto wa paa aliyenaswa na moto wa msituni uliowashwa na radi, akaungua, akalala siku kadhaa katika maumivu kabla ya kufa, pasipo mtu kuona. Jibu lililovuma zaidi alilitoa Stephen Wykstra mwaka 1984. Kutoona, alisema, ni ushahidi wa kutokuwepo pale tu ambapo kitu kingekuwepo tungetarajia kukiona. Ikiwa Mungu yupo, ujuzi wake unaupita wetu kwa umbali usiopimika. Basi kutoziona sababu zake ndiko hasa tungekotarajia. Hatuzijui, na kutozijua kwetu hakuthibitishi chochote dhidi yake.

Jibu hili ni zuri. Lakini lina gharama ambayo, kwa maoni yangu, makanisa mengi hayajawahi kuilipa. Ukishasema mbele ya asiyeamini kwamba sababu za Mungu hazisomeki kwa macho yetu, huwezi kesho yake kusimama mbele ya jeneza ukazisoma.

Angalia yaliyofuata Lisbon. Gabriel Malagrida, padre Mjesuiti mzaliwa wa Italia, alichapisha kijitabu mwaka 1756 akidai kwamba sababu ya tetemeko si ya kimaumbile bali ni dhambi za mji: michezo ya kuigiza, muziki, dansi, mapigano ya mafahali. Huko Uingereza mhubiri John Wesley naye aliandika haraka juu ya tetemeko hilo, naye pia aliiona hukumu ya Mungu. Ila yeye alikumbusha damu iliyomwagwa Lisbon na mahakama ya Inkwizisheni. Tetemeko moja, wasomaji wawili wenye imani ya dhati, na kila mmoja akakuta ndani yake dhambi ambazo tayari alikuwa akizichukia. Malagrida mwenyewe aliuawa mwaka 1761, akiwa amehukumiwa na Inkwizisheni hiyohiyo wakati adui yake, waziri Pombal, akiwa na nguvu zote. Pombal ndiye aliyesimamia kujengwa upya kwa mji, na chini yake parokia za Ureno zilipelekewa orodha ya maswali: mtikisiko ulidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka, waliokufa ni wangapi. Ni maswali yanayojibika.

Maandiko yenyewe yako makini zaidi kuliko wahubiri wake. Katika Luka 13 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu hapana. Anaendelea kuwaonya wasikilizaji watubu, lakini hawaruhusu wahesabu deni la marehemu. Kitabu cha Ayubu kinakwenda mbali zaidi. Msomaji anaambiwa tangu sura ya kwanza sababu ya mateso, iliyotoka katika baraza la mbinguni. Ayubu haambiwi kamwe. Mungu anapozungumza naye kutoka katika upepo wa kisulisuli anamwonyesha nyota, mbuni na mamba, na hataji hata kidogo lile baraza la mbinguni. Marafiki wa Ayubu waliokuwa na maelezo kamili ndio wanaokemewa mwishoni.

Mtu ataniambia, vipi Yohana 9? Pale Yesu anakataa kwamba kipofu au wazazi wake walitenda dhambi, kisha anataja kusudi: kazi za Mungu zidhihirishwe. Ni kweli, kusudi linatajwa. Lakini analitaja yeye ambaye kwa imani ya Kikristo analijua, kumhusu mtu mmoja, na dakika chache baadaye anamponya. Si ruhusa kwa sisi wengine kutaja kusudi kisha tuende zetu.

Gharama hii ina matokeo huku kwetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kilikuwa kimejaza kupita uwezo wake. Siku mbili baadaye fundi mitambo mmoja alitolewa ndani akiwa hai. Ni halali kwake na kwa jamaa zake kumshukuru Mungu. Shukrani ni jibu la aliyepokea. Ukiigeuza shukrani hiyo kuwa maelezo, kwamba Mungu alimchagua huyu, umeshatamka jambo fulani kuhusu wale wengine, pasipo kujua unalotamka. Na ukisema ajali yote ilikuwa mapenzi ya Mungu, kauli ile ya pembeni, ya nani aliruhusu abiria wazidi, inapoteza pa kusimama. Hoja ya hiari ingepaswa kuilinda kauli hiyo. Ndiyo kazi iliyo yake. Inashangaza kwamba tunaitumia kwenye midahalo na asiyeamini, tukaiacha nyumbani siku ambayo ingemfaa mfiwa anayedai uwajibikaji.

Liko pingamizi ambalo mwenye msimamo huu lazima alipokee. Ikiwa hatujui sababu za Mungu, tunajuaje kwamba kumwokoa anayezama si kuvuruga kusudi jema tusiloliona? Jibu la kawaida ni kwamba wajibu wa kuokoa hautegemei kuzijua sababu hizo. Mkristo ameamriwa kumpenda jirani, hakuamriwa kukisia mpango mzima. Naliona linatosha kwa utendaji. Kwa nadharia haliridhishi sana, kwa sababu linatuacha na Mungu anayetuamuru kuzuia kile ambacho yeye mwenyewe, kwa sababu zake, hakukizuia.

Marilyn McCord Adams, padre wa Kianglikana na mwanafalsafa, alipendekeza mwaka 1999 kwamba swali ligeuzwe. Badala ya kutafuta jema la jumla linalohalalisha mateso ya mtu, tuulize kama Mungu anaweza kuyashinda mateso hayo ndani ya maisha ya mtu huyohuyo, mpaka yeye mwenyewe aone kwamba kuishi kwake kulikuwa kwema. Kwake hilo linawezekana kwa kuwa Mungu mwenyewe, katika Kristo, aliingia katika mateso, na kwa kuwa maisha hayaishii kaburini. Pendekezo hili halimtumii mtoto wa kifusini kama chombo cha kuwakuzia wengine tabia, na hapo linazishinda teodisia nyingi. Linadai ukubali kwanza ufufuo, asiyeukubali halimgusi.

Wala halimfikii kwa urahisi yule mtoto wa paa. Hana hiari ya kulindwa, hana tabia ya kukuzwa, na mapokeo mengi ya Kikristo hayakumwahidia ufufuo. Wanyama walikuwa wakiungua na kuliwa mamilioni ya miaka kabla mwanadamu hajatokea kutenda dhambi yoyote. C. S. Lewis aliwatengea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu maumivu, na mwenyewe akakiri humo kwamba anakisia.